Kuhamisha ngazi ya ndani: anza na chaki, nyundo baadae

Nyumba nyingi za ghorofa moja huku Dar ngazi imekaa katikati ya sebule, ukifungua mlango wa mbele tu unakutana na kidato cha kwanza. Kwetu ilikuwa hivo hivo, mtu akitoka kuoga juu na khanga yake lazima ashukie mbele ya wageni, na chini ya ngazi pamebaki kona ya giza hata friji haiingii. Tukaihamishia nyuma, ubavuni mwa ukuta wa jiko, na sebule ikawa sebule kweli. Kazi inawezekana ila ina mpangilio wake, na ukiuvuruga unaweza kuangusha slabu, ile sakafu ya zege ya juu.

Kabla ya fundi wa kuvunja muite injinia wa majengo aje na ramani mkononi aoneshe bimu, yaani mihimili ya zege inayobeba slabu, zimepita wapi na nondo kubwa za slabu zimelala upande gani. Tundu jipya la kupitisha ngazi kwenye slabu likae kati ya bimu na bimu, bimu haikatwi. Fundi wetu wa kwanza alishapiga mstari juu ya bimu kabisa anasema tunakata afu tunaweka kinguzo, nikamwambia fundi naomba tindo iwekwe chini kwanza, na siku ile kazi ikaishia hapo. Na kibali cha halmashauri ulizia mapema, hapa unagusa mifupa ya nyumba sio kupaka rangi.

Sasa hesabu. Pima kutoka sakafu ya chini mpaka sakafu ya juu, sio mpaka dari. Kwetu ilikuja sm 315, tukagawa vidato 18 vya kimo cha sm 17.5, pa kukanyaga sm 28. Ukichukua kimo mara mbili ukajumlisha na pa kukanyaga, ikija kama 60 mpaka 63 mguu unapanda vizuri, yetu ni 63. Vimo vyote vilingane, na hapa watu wanasahau unene wa tiles, kidato cha kwanza au cha mwisho kinatoka tofauti na wazee ndio wanajikwaa hapo hapo. Yetu inakunja, vidato 9, pumziko (pale bapa ngazi inapogeukia) la mita 1, vingine 9, kwahiyo inakula kama mita 3.25 kwa 2.1 hivi. Nafasi ya kichwa, kutoka kidato mpaka zege la juu yake, acha mita 2 au zaidi.

Ukishapata vipimo chora ngazi nzima kwa chaki sakafuni na uishi nayo wiki moja. Mama alipita pale na ndoo ya maji, akasema mlango wa jiko utagonga kidato, na kweli ungegonga, tukasogeza sm 40. Jaribu pia na godoro la sita kwa sita kama linageuka kwenye pumziko.

Kuvunja sasa: mirunda (miti ya kuegemeza) kwanza chini ya slabu kuzunguka eneo lote, ndio tundu jipya linafunguliwa, na kingo zake zinafungwa bimu mpya kama injinia alivyochora. Ngazi mpya usiikalishe juu ya jamvi (zege la sakafu ya chini) tu, chimba msingi wake. Nondo nazo simama uziangalie kwa macho yako pale ngazi inapofika juu kukutana na pumziko au slabu: nondo za chini zisikunjwe kufuata kona, zikivutwa zitabandua zege. Za ngazi zinyooke ziingie mpaka juu ya slabu, na za slabu zishuke ndani ya ngazi, zipishane kama mkasi.

Ngazi ya zamani iache isimame mpaka mpya ipandike, usije ukalala juu kwa kupanda ngazi ya mbao na watoto. Zege mwagilia siku 7 bila kuruka, mirunda ya chini iache mpaka siku 28.

Mwisho ni kuziba tundu la zamani. Kingo zigongwe taratibu nondo za zamani zionekane, mpya zilazwe sambamba nazo, ya milimita 12 ipishane na ya zamani kama sm 60, uso wa zege la zamani ukwaruzwe na uloweshwe kabla ya kumwaga. Na tiles za juu tafuta mapema, sisi za aina ile hazikuwepo tena madukani tukang'oa korido nzima.