Nyoka akiuma, vua pete kwanza
Wenzangu wa Chanika, Pugu na Kigamboni, mvua hizi nyasi zimepanda. Nyoka akikuuma mkononi, vua pete, saa na bangili papo hapo kabla hapajavimba. Pete ikishazama kwenye nyama, itabidi pete ikatwe. Usifunge kamba, usichanje, na jiwe la nyoka, lile la kubandika kwenye jeraha, halinyonyi sumu hata mkilisubiri lidondoke lenyewe. Nimewasihi! Mkono usitikisike, ita bajaji. Njiani mmoja apige simu hospitali kuuliza kama dawa ya sumu ya nyoka ipo: ni ghali, na mgonjwa mmoja anaweza kuhitaji vichupa kadhaa. Kadi ya bima msiisahau. Swila akikutemea machoni, usisugue. Osha kwa maji mengi, kisha nenda hospitali.