Kijiji Kinapoambiwa Kimo Ndani ya Hifadhi ya Msitu

Mkiamka na kukuta bikoni mpya (nguzo za kuonyesha mpaka) katikati ya mihogo, iwe ni Buchosa jirani na msitu wa Buhindi au Ukerewe jirani na msitu wa Rubya, mkoani Mwanza, msizing'oe. Kuharibu alama ya mpaka wa hifadhi ni kosa chini ya Sheria ya Misitu ya mwaka 2002, na mgogoro wa kijiji kizima unaweza kugeuka kesi ya jinai ya kijana mmoja.

Anzeni na karatasi. Halmashauri ya Kijiji iwaandikie Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania (TFS) na ofisi ya ardhi ya wilaya, ikiomba namba ya Tangazo la Serikali lililoanzisha hifadhi pamoja na ramani yake, kwa sababu mpaka halali ni ule uliotangazwa, si ule anaouonyesha askari wa misitu kwa kidole. Ramani ikipatikana, ufuateni mpaka huo kwa miguu mkiwa na wazee. Uzio wa minyaa uliozeeka, makaburi, miembe yenye mashina yasiyokumbatika: kila alama ipigwe picha na iandikwe ni ya nani na ya tangu lini. Kisha linganisheni na Cheti cha Ardhi ya Kijiji, maana mara nyingine mgogoro wote ni nyaraka mbili za serikali ileile zinazopishana.

Hapo tarehe ndizo zinazoamua mwelekeo. Kama wazee wenu waliletwa na Operesheni Vijiji, ile ya kuwahamishia watu vijijini miaka ya 1970, tafuteni ushahidi wa kugawiwa ardhi, kwani kifungu cha 15 cha Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 kinathibitisha ugawaji uliofanyika kati ya 1970 na 1977. Mwonyesheni wakili mapema. Kama hifadhi ndiyo inayopanuliwa sasa, someni kifungu cha 4 cha sheria hiyohiyo: eneo lisilozidi hekta 250 huamuliwa na Mkutano Mkuu wa Kijiji, eneo kubwa zaidi huamuliwa na Waziri baada ya mkutano huo kutoa maoni, na ardhi haihamishwi kabla ya fidia kukubaliwa. Kwa hiyo muhtasari wa mkutano huo wenye mahudhurio na saini ni silaha yenu. Kikao cha wajumbe watano chini ya mti hakitoshi.

Mazungumzo yakishindikana, msipoteze nauli kwenda Baraza la Kata wala Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Tangu marekebisho ya mwaka 2020, shauri dhidi ya Serikali hufunguliwa Mahakama Kuu, Mwanasheria Mkuu wa Serikali akiunganishwa, baada ya notisi ya siku 90 ambayo nakala zake hupelekwa kwake na kwa Wakili Mkuu wa Serikali. Mashauri mengi hutupwa kwa kukosea mahakama au notisi kabla hata shamba halijatajwa. Kila ofisi mnayoipelekea notisi hiyo, nendeni na nakala mbili, na msiondoke dirishani kabla moja haijagongwa muhuri wa kupokelewa wenye tarehe.