FreeRADIUS kwa WiFi ya ploti: kuhariri faili hadi rauta ikubaliwe

Jamaa anayesambaza intaneti kwenye ploti za mtaa wa Pipeline alichoka kuandika wateja wa PPPoE (wanaoingia mtandaoni kwa jina na nenosiri) mmoja mmoja ndani ya kila rauta ya MikroTik. Hivi ndivyo tulivyomhamishia kwenye seva ya Ubuntu yenye FreeRADIUS, programu inayothibitisha wateja wa rauta zote mahali pamoja.

1. `sudo apt install freeradius`, kisha `sudo systemctl stop freeradius`, halafu iwashe kwa mkono: `sudo freeradius -X`. Achana na paneli za kubofya hadi ujue kusoma maandishi yanayopita hapa.

2. Tambulisha rauta ndani ya `/etc/freeradius/3.0/clients.conf`:

```
client ploti-a {
    ipaddr = 10.20.0.2
    secret = Siri-Ndefu-Yako
}
```

Hatua hii ndiyo hula usiku wa watu. `ipaddr` ni anwani ambayo seva inaiona pakiti ikitoka, na huenda si ile unayoingilia Winbox (programu ya kusimamia MikroTik). Rauta yenye anwani kadhaa hutumia ile ya upande unaoelekea kwenye seva. Zikitofautiana, seva haijibu chochote. Mteja anakaa akingoja, nawe unashuku nenosiri lake bure. Tazama maandishi ya `-X`: ukikuta `unknown client`, anwani inayofuata ndiyo ya kuandika. Kisha ibane anwani hiyo upande wa rauta (`10.20.0.1` ni ya seva):

```
/radius add service=ppp address=10.20.0.1 src-address=10.20.0.2 secret=Siri-Ndefu-Yako
```

Seva ikiwa mbali, nyuma ya laini ambayo anwani yake hubadilika, pitisha kila kitu ndani ya WireGuard (aina ya VPN). Usifungulie dunia nzima kwa `0.0.0.0/0`, hata kwa majaribio. Na kila ukigusa faili hii au ile ya hatua ya 3, zima seva uiwashe upya.

3. Mteja anaingia juu kabisa ya `/etc/freeradius/3.0/mods-config/files/authorize`. Mstari wa pili uanze kwa nafasi:

```
nyumba12  Cleartext-Password := "Mahamri88"
          Acct-Interim-Interval = 300
```

4. `radtest nyumba12 Mahamri88 127.0.0.1 0 testing123`. `testing123` ni siri ya majaribio iliyokuja na seva. Ngoja `Access-Accept`, yaani mteja amekubaliwa.

5. Kwenye rauta: `/ppp aaa set use-radius=yes accounting=yes`. Fungua UDP 1812 ya uthibitishaji na 1813 ya hesabu, kwa rauta zako tu. Ile 300 ni sekunde, na usiiondoe: stima ikipotea rauta haitumi `Stop` (taarifa ya mteja kumaliza), kwa hiyo bila ripoti za katikati matumizi ya mteja huyo yanapotea yote. Ripoti zikianza kuingia `/var/log/freeradius/radacct/`, zima `-X` na uandike `sudo systemctl start freeradius`.