Vikombe viwili, mtu mmoja: namna ya kupanga picha inayoacha maswali

Picha ya kupangwa huharibika pale mpigaji anapoanza na hisia: "nataka huzuni". Anza na tukio lililokwisha kupita, upige kilichobaki. Zoezi zuri la kuanzia: mtu ametoka nyumbani sasa hivi, aliyebaki yuko mezani.

Vitu vyenye kusema visizidi vitatu. Cha kwanza ni vikombe viwili vya chai ya maziwa, kimoja kitupu, kingine kimejaa na kimefanya utando. Utando hauigizwi. Mimina chai ya moto yenye maziwa mengi dakika 15 hadi 20 kabla, usikoroge wala usifunike. Cha pili ni kiti kilichosukumwa nyuma kwa upande, kama cha mtu aliyeinuka ghafla. Cha tatu, jozi ya kandambili za kiume mlangoni. Hizo ndizo zinazovuruga hadithi kwa faida yako: kama ameondoka, kaenda pekupeku? Usijibu.

Begi la safari, machozi, picha ya harusi iliyochanwa: acha vyote, vinamtafunia mtazamaji. Kitambaa cha meza chenye mikunjo ya dukani nacho kinakusaliti. Kitumie siku mbili kwanza.

Piga wakati wa magharibi. Maeneo ya karibu na Ikweta giza halina subira: jua likishazama una kama dakika 20, na buluu nzuri dirishani hudumu nusu ya hapo. Kwa hiyo kila kitu kiwe tayari jua likiwa bado juu. Washa taa moja tu ya njano, ya kelvini 2700 (kipimo cha rangi ya mwanga), karibu na meza. Kwenye kamera, upande wa mizani ya rangi (white balance), weka kelvini 3800, ili dirisha libaki buluu na taa ibaki njano. Tripodi, lenzi ya mm 35, tundu la lenzi f/5.6, wepesi wa kuhisi mwanga (ISO) 400, na shata ya kuanzia 1/15 ya sekunde. Pima kwa mwanga wa taa, kisha usiguse tena: piga kila nusu dakika huku dirisha likififia, na katika fremu mbili au tatu mwanga wa dirisha utalingana na wa taa. Balbu za LED za bei nafuu huwaka na kufifia kwa kasi usiyoiona, na shata ya kasi huleta michirizi ya giza. Kwenye umeme wa hezi 50, shata isiwe ya kasi kuliko 1/50. Kwa simu, bonyeza na ushikilie kwenye taa hadi mwanga ujifunge, kisha upunguze kidogo.

Mhusika usimwambie ahuzunike, ataigiza. Mpe kazi: asikilize kama geti limefungwa. Kwa 1/15 atoe pumzi, atulie. Ukishamwambia apumzike, piga mbili zaidi. Mabega yanaposhuka ndipo picha nyingi hupatikana.

Jina nalo ni mtego. Cindy Sherman wa Marekani, kati ya 1977 na 1980, alijipiga akiwa kama wahusika wa filamu ambazo hazikuwahi kuwapo, na picha hizo hutambulishwa kwa namba tu. Ukiandika "Upweke" chini ya picha, umeifunga.

Waonyeshe watu watatu, kila mmoja peke yake, uulize: dakika moja kabla kulitokea nini? Wote wakijibu mamoja, ondoa kitu kimoja, urudie kesho magharibi. Wakikosa jibu kabisa, kagua kiti kwanza: mara nyingi kimesogezwa kidogo mno.