Jinsi ya kuomba kampuni idhamini maonesho ya sayansi ya shule mkoani Mwanza

Anzia ofisini kwa mkuu wa shule, si kwenye geti la kiwanda. Kwa shule ya serikali, wazo lipite kwenye bodi ya shule, kisha mkuu amwandikie afisa elimu sekondari wa halmashauri, iwe Ilemela, Jiji la Mwanza (wilaya ya Nyamagana) au kwingineko. Barua isiyo na saini na muhuri wa shule huishia mapokezi.

Halafu chagua wa kumwomba. Kiwanda cha minofu ya samaki kina sababu ya kumsikiliza mwanafunzi anayetafuta namna ya kukausha dagaa bila kuwaanika mchangani, au anayepima maji ya ziwa pale gugu maji lilipotanda. Benki nazo zina fungu la jamii. NMB, kwa mfano, hutenga asilimia 1 ya faida yake baada ya kodi. Kwa shule zilizo jirani na migodi, upande wa Geita, njia ni tofauti: Sheria ya Madini, tangu marekebisho ya 2017, inamtaka mwenye leseni kukubaliana na halmashauri mpango wa kila mwaka wa kuhudumia jamii. Huko ombi lipitie halmashauri mapema, kabla mpango haujafungwa.

Sasa barua, na hapa ndipo maombi mengi hufia. Ukurasa mmoja unatosha. Weka kumbukumbu namba, tarehe, na kichwa kilichonyooka: “YAH: OMBI LA UDHAMINI WA MAONESHO YA SAYANSI”. Usiandike “tunaomba msaada wowote”. Anayesoma hawezi kumpelekea mhasibu ombi kama hilo. Andika: mbao 20 za kubandikia kazi, chakula cha mchana cha wanafunzi 60, vifaa vya miradi 8. Ambatisha mchanganuo wa bajeti, profoma (ankara za bei kabla ya kununua) za wauzaji wawili, na maelezo ya miradi miwili yaliyoandikwa na wanafunzi wenyewe. Usiwasahihishie hadi sauti yao ipotee, maana hicho ndicho kitakachomgusa mfadhili.

Omba pia kikubwa kuliko fulana. Kwenye maonesho ya Young Scientists Tanzania, ya kitaifa kwa wanafunzi wa sekondari, yaliyoanza 2012, taasisi ya hisani ya Karimjee Jivanjee Foundation imewalipia washindi masomo ya chuo kikuu.

Peleka nakala mbili, moja igongwe muhuri wa kupokelewa urudi nayo. Baada ya wiki mbili piga simu ukitaja kumbukumbu namba.

Wakikubali, andikianeni kabla fedha hazijatoka. Ziingie akaunti ya shule, risiti itolewe. Kampuni isichague washindi, na ubunifu ubaki mali ya mwanafunzi. Picha za watoto zipate ridhaa ya wazazi. Nembo ya bia isikae kifuani pa mtoto, hata kama fedha ni nyingi, hapo kataeni.

Ndani ya mwezi mmoja baada ya maonesho, wapelekee ripoti yenye risiti zote na matokeo ya kila mradi, nakala kwa afisa elimu.