Jinsi ya kuchambua hadithi fupi kuhusu tamaa ya mali

Wanafunzi wengi wakipewa hadithi ya aina hii huandika "tamaa mbele, mauti nyuma" kisha hufunga daftari. Methali hiyo humhukumu mhusika kabla hajasomwa. Unachotakiwa kuonyesha ni mali ilimnyang'anya nini moyoni, na katika hadithi fupi jambo hilo hufichwa ndani ya vitu vidogo. Tuchukue "La Parure" ("Mkufu") ya mwandishi Mfaransa Guy de Maupassant, iliyotoka Paris mwaka 1884.

Soma mara ya kwanza bila kalamu. Mara ya pili chora jedwali la safu tatu: kitu, bei yake, na kilichopotea kisichokuwa pesa.

Anza na gauni analolitaka Mathilde, mhusika mkuu, kwa dhifa ya waziri: faranga 400. Mumewe, karani wa wizara, alikuwa ameweka akiba ya kiasi hichohicho anunue bunduki, akawinde na rafiki zake Jumapili. Anaposikia bei, uso unampauka kidogo, kisha anatoa. Katika safu ya tatu andika: Jumapili za mume. Mathilde hamuulizi kitu, na kimya hicho ni ushahidi mzito kuliko kilio chochote.

Kisha mkufu aliouazima kwa rafiki aende nao kwenye dhifa unapotea. Mwingine unanunuliwa kwa faranga 36,000 ili arudishiwe mwenyewe. Nusu ni urithi wa mume, nusu ni mikopo. Usiku mume hunakili maandishi kwa sou 5 kwa ukurasa, yaani robo faranga. Piga hesabu: kurasa 72,000 kufikisha ile 18,000 ya mkopo, bila riba. Hadithi haikupi jumla hiyo, lakini ukiipata mwenyewe, miaka 10 ya madeni inaacha kuwa maneno matupu. Mwishoni tunaambiwa mkufu wa kwanza ulikuwa bandia, haukuzidi faranga 500. Ulilingana karibu na gauni.

Kosa linaloharibu insha nyingi ni kudhani maumivu yanaanza mkufu unapopotea. Rudi kurasa za mwanzo. Mathilde alikuwa na rafiki tajiri waliyesoma pamoja, akaacha kumtembelea kwa sababu kila akirudi nyumbani alilia siku nzima nzima. Urafiki ulikwisha kulipwa kabla ya dhifa. Usiku wa dhifa wenyewe, mume anamfunika Mathilde kwa nguo za kila siku. Mathilde anakimbilia nje asionwe na wanawake waliovaa manyoya. Usiandike kwamba hapo ndipo mkufu ulipoanguka; mwandishi hasemi.

Aibu ipe aya yake peke yake, maana ndiyo iliyogharimu zaidi. Badala ya kusema ukweli, wanamwandikia mwenye mkufu kwamba kifungo kimevunjika na kinatengenezwa. Ukweli ungewatoa faranga zisizozidi 500. Hiki ndicho kinaya cha hadithi, na ukikitaja bila kuileta barua hiyo, umekitaja nusu.

Angalia mwili pia: kucha zinazokwanguka kwenye masufuria yenye mafuta, mikono iliyokuwa myekundu, sauti iliyozoea kugombea bei sokoni. Lakini usikimbilie kusema Mathilde amefunzwa. Mume akiwa kazini, bado huketi dirishani akiukumbuka usiku ule alipokuwa mrembo. Deni limekwisha, hamu ipo. Hoja hii wengi huiruka, nayo ndiyo inayotenganisha uchambuzi na mahubiri.

Kila aya iwe na sentensi nne hadi sita: dai, tukio, kiasi au kitu chenyewe, halafu kilichobaki moyoni. Ukikosa la mwisho, umesimulia tu.

Kuhusu mwisho, kuwa mwangalifu. Hadithi inakatika kwenye maneno ya rafiki aliyemwazima mkufu, kuhusu bei yake, bila kutuambia Mathilde alihisi nini. Anayeandika kwamba alizimia au alijuta amejitungia, na mtahini atamkata alama.