Kinga ya macho kwa wanaofanyiwa leza ya urembo ughaibuni

Familia nyingi za hapa Tabora zina ndugu Muscat au Dubai, na dada zetu wakirudi likizo hawakosi habari za leza: ya kuondoa nywele, ya kufuta madoa, ya kutoa tatuu. Binamu yangu alikuja Isevya kwa ajili ya harusi akiwa ametoka kusafishwa nyusi kwa mashine hizo. Adhuhuri, chini ya mwembe tulipokuwa tukichambua mchele, yeye peke yake alivaa miwani myeusi, na alipoivua niliona mboni ya jicho lake la kushoto imevutika upande wa juu kama tone la maji. Kinga aliyopewa ilikuwa ni kuambiwa afumbe macho.

Kufumba macho hakutoshi, kwa sababu ngozi ya kope ni nyembamba na mwanga wa leza huipenya. Isitoshe, mtu anapofumba, jicho hugeuka juu lenyewe na kuisogelea nyusi inayopigwa mwanga. Lile duara la kahawia linaloizunguka mboni lina melanini, rangi ileile ambayo mashine hulenga kwenye nywele, hivyo hupata joto, huvimba, na baadaye huweza kusinyaa. Mashine za mwanga mkali ziitwazo IPL, ingawa si leza, zina hatari hiyohiyo, na baadhi yake huuzwa kwa jina la leza.

Wenye ngozi nyeusi hushauriwa kutumia aina ya leza iitwayo Nd:YAG, yenye urefu wa mawimbi wa nanomita 1064, kwa kuwa haiunguzi ngozi yetu kwa urahisi. Ushauri huo ni sahihi kwa ngozi, lakini mwanga wenyewe hauonekani, jicho haliwahi kupepesa, na lenzi ya jicho huukusanya kwenye retina, utando wa nyuma ya jicho unaopokea picha, hadi ukali wake huongezeka takriban mara 100,000. Retina haina neva za maumivu. Mtu anaweza kuinuka kitandani haumwi popote, kisha akaona doa jeusi katikati ya kila anachokitazama.

Kwa hiyo, kabla ya kuuliza bei ya ofa, omba uoneshwe kinga ya macho. Mteja anayehudumiwa usoni anapaswa kufunikwa macho kwa kinga isiyopitisha mwanga kabisa. Miwani ya mhudumu nayo huandikwa namba za mawimbi inayoyazuia, na iliyotengenezwa kwa ajili ya nanomita 755 pekee haimlindi mtu dhidi ya 1064. Ukimkuta anafanya kazi bila miwani, usilale kwenye kitanda chake. Kazi ya kwenye kope, au ndani ya ukingo wa mfupa unaolizunguka jicho, inahitaji vikinga vya chuma vinavyowekwa juu ya jicho lenyewe baada ya matone ya ganzi, na anayejua kuviweka ni daktari. Mimi nyusi ningeziacha kwa uzi na kibanio. Piga picha ya jina la mashine na uombe karatasi ya viwango vya mashine vilivyotumika.

Ukiona mwanga unakuumiza, jicho limekuwa jekundu, uoni una ukungu au mboni imepinda, nenda kwa daktari wa macho siku hiyohiyo, hukohuko uliko, hata kama tiketi imeshalipiwa. Ukiwa umeshafika nyumbani, anzia hospitali ya Kitete, ambako unaweza kupewa rufaa ya kwenda hospitali ya Bugando, Mwanza. Usikubali kutiwa jichoni maziwa ya mama wala matone ya steroidi (dawa ya kupunguza uvimbe) ya kununua dukani, kwani steroidi isiyosimamiwa huweza kupandisha shinikizo la jicho.

Swali la kwanza aliloulizwa binamu yangu na daktari lilikuwa aina ya mashine na urefu wa mawimbi yake. Alipiga simu saluni mbele yetu, spika ikiwa wazi, na yule binti wa mapokezi akamjibu kwa upole kwamba ni mashine mpya, ile nyeupe.